Ukurasa wa Mashabiki wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu anarusha mpira kwa mshahara. Nikimwambia mteja kwamba ni mchezaji wa besiboli, hujibu, "Aa, ile ya vikapu," nami huendelea kusuka. Yuko Australia, kwenye ligi ya kulipwa. Jioni yao ni asubuhi yetu hapa Durban, kwa hiyo Jumamosi saluni yangu ya Albert Park hujaa watu ambao hawakuja kusukwa.

Aliyeanzisha mambo haya ni fundi simu wa mlango wa pili, Mtanzania mwenye moyo mzuri na mdomo usiopumzika. Alibandika simu kwenye kioo changu kikubwa ili tuangalie mechi, kisha akafungua ukurasa mtandaoni wenye picha ya mdogo wangu na jina letu la ukoo, akaandika juu kwamba ni ukurasa rasmi wa familia. Sikumwomba. Watu wakaanza kuja, na hakuna hata mmoja aliyejua sheria za mchezo. Mama mmoja wa Bukavu, muuza vitenge, alishangilia kila mpira uliopaa.

"Iko goli!"

"Mama, huo wameupiga wapinzani."

"Ah bon, kweli? Lakini alipiga muzuri."

Siku mdogo wangu alipomtoa mpigaji wa mwisho na timu yake ikashinda, walimwagiana poda yangu mpaka sakafu ikawa nyeupe. Kufagia nilifagia peke yangu.

Nilivumilia kwa sababu hakuna anayeujua mkono wake ule wa kurusha kuliko mimi. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikaanza kusuka, ili yeye na wadogo zake wabaki darasani. Alikuwa akirusha mpira wa tenisi kwenye ukuta wa ghorofa letu mchana kutwa, na majirani walikuja kunigombeza mimi, si yeye. Baadaye, shuleni kwake Overport, akapatikana mwalimu mwenye mfuko wa glavu kuukuu za besiboli. Kutoka mfuko ule amefika alipo.

Sasa, kwenye besiboli mrushaji wa akiba hupasha mkono pembeni mwa uwanja, karibu kabisa na uzio wa mashabiki. Huko kuna desturi ya kumzomea akiwa pale ili mkono umlegee. Wanataja masikio yake, viatu vyake, mapishi ya mama yake. Hayo alinisimulia zamani, na yeye mwenyewe alicheka. Lakini msimu huu, walipokuwa wageni kwenye uwanja wa watu, wanaume watatu walimlilia kama nyani kila alipoinua mkono. Sauti ilitufikia vizuri kabisa. Mdogo wangu akaingia uwanjani, akarusha vibaya, na mpigaji wa timu ile, Mjapani, akautoa mpira nje ya uwanja, na kwenye besiboli hilo ndilo pigo kubwa.

Mimi nilikuwa nimeshaenda nyuma kumwosha mteja nywele. Nilisikia kicheko kikubwa kutoka mbele, sikujua wanacheka nini.

Siku chache baadaye mdogo wangu akapiga simu.

"Yaya, nani anaandika kwenye ukurasa wetu?" Kwetu yaya ni dada mkubwa.

Alikuwa amewashtaki wale watatu, na ligi ilipanga kusikiliza pande zote wiki iliyofuata. Wao wakajitetea kwa picha ya ukurasa wa familia yetu. Chini ya video ya pigo la Mjapani, familia yetu ilikuwa imeandika kwa Kiingereza safi kwamba Mchina huyu arudi kwao akauze simu feki, na kwamba ni ajabu anauona mpira kwa macho kama yale. Pembeni kulikuwa na vikatuni vya kucheka. Meneja wake alimshauri, tena kwa upole, afute mashtaka ajiepushie aibu.

"Nikifuta wataendelea kunililia nyani," alisema. "Nisipofuta naonekana mnafiki. Nifanye nini, yaya?"

Nikamwambia asifute chochote mpaka nimpigie. Nilimwacha mteja kichwa nusu, nikaenda mlango wa pili.

"Dada, ushabiki tu ule!" fundi simu alisema.

"Na wale watatu wamesema hivyohivyo."

"Wale wamemwita mtu nyani! Mimi nimetania macho. Halafu Mchina hakasiriki. Nanunua vioo vya simu kwa mmoja kila wiki, tunataniana."

"Yule ni Mjapani."

"Eish. Basi hata si yeye niliyemsema."

Nilitamani kumpiga kwa kitana. Mama wa vitenge alikuwa amenifuata, akaingilia. "Ufute tu ile maneno, iishe."

"Wameshapiga picha, mama."

Nikamgeukia fundi. "Wenyeji walipopindua meza yako pale kwenye taa za robot barabarani, wakakuita kwerekwere, wakakuambia urudi kwenu, ulicheka?"

"Ile si sawa na hii."

"Nieleze tofauti. Nina muda."

Akachukua bisibisi, akaanza kufungua simu ya mtu. Nikamwambia ninachotaka: arekodi video, uso wake uonekane, aseme ni yeye aliyeandika wala si familia, amwombe radhi Mjapani. Akashtuka kana kwamba nimemwambia atembee uchi. Mafundi wenzake wangemcheka mpaka lini? "Unataka nijianike, dada?"

"Ndiyo."

Alikataa. Nikaibandua simu kwenye kioo nikamrudishia. Jumamosi watu walikuja wakakuta kioo kitupu, wakanikasirikia mimi. Mmoja aliniambia navunja undugu kwa ajili ya mtu wa mbali asiyenijua. Nikamuuliza kama anasuka au anaondoka. Aliondoka. Mama wa vitenge alibaki, akakaa akikunja kitenge kilekile mara kwa mara.

Jumatatu fundi akaja amepiga pasi shati. Hakunisalimu vizuri. Alinipa simu nimrekodi, akajikohoza, akaanza: "Kama kuna mtu aliyeumia..."

Nikazima. "Hakuna kama. Aliumia."

"Sasa nitajuaje, dada, sikumwona!"

"Mdogo wangu ulimwona? Mbona ulijua ameumia?"

Akanyoosha kola ya shati. Tukarudia. Safari hii alisema jina lake, akasema alichoandika ni ubaguzi, kwamba yeye mwenyewe hutukanwa hapa anapoishi na bado aliandika. Kiingereza kikamkwama katikati, akamalizia hivyohivyo. Tukaweka video palepale kwenye ukurasa, kisha nikampigia mdogo wangu nikamwambia asifute mashtaka.

Siku ya kusikilizwa walimuuliza mdogo wangu juu ya ukurasa, kama tulivyotegemea. Akajibu kwamba aliyeandika ni jirani wa dada yake, kwamba ameomba radhi kwa uso wake na jina lake, na video iko pale waitazame. Kisha akasema wale watatu nao wafanye vivyo hivyo, yeye ataridhika. Mmoja wao akauliza kwa nini wadhalilishwe mbele ya watu. Wote wakakataa. Ligi ikawafungia viwanja hadi mwisho wa msimu, na mpaka leo mashabiki wao wanakuja kwenye ukurasa wetu kuandika kwamba tumeua raha ya mchezo. Nimechoka kuyasoma.

Mdogo wangu aliipeleka ile video mwenyewe kwa Mjapani, kabla ya mechi yao iliyofuata. Mjapani aliitazama mpaka mwisho, akasema asante, akaenda kuvaa viatu.

"Hata kutabasamu hakutabasamu?" fundi simu aliniuliza, na aliuliza akiwa ameumia kweli.

Nikamwambia hapana. Akabaki mlangoni, anangoja nimwongezee neno. Nilikuwa na kichwa cha mtu mikononi, nikaendelea kusuka.