Kunguru wa Gredi ya Sita

Mimi hufunza Kiingereza katika shule moja hapa Giakanja, na herufi L imenishinda tangu utotoni. Ulimi wangu huigeuza R, na sikuwahi kuona hiyo ni shida. Jumatatu chaki iliisha, kwa hivyo somo la "clause", yaani kishazi, nililisema tu kwa mdomo, wanafunzi wakaandika. Nilijisifu hata kwa walimu wenzangu.

Jumatano mkaguzi alikuja kuamua kama nitathibitishwa kazini. Alichukua daftari la Wanjiru, msichana wa dawati la mbele. Kila mahali pa "clause" palikuwa na "crows", yaani kunguru. Akanitafsiria kwa upole: kunguru mkuu husimama peke yake, lakini kunguru tegemezi hawezi. Chini yake Wanjiru alikuwa amechora ndege wawili weusi, mmoja akimwegemea mwenzake.

"Nani alikuambia hivi?" mkaguzi akamuuliza.

"Ni mwalimu, Madam. Ati kwa mtihani tutapigia kunguru mstari."

Mkaguzi akanigeukia. "Mwalimu, hebu tamka hilo neno nisikie."

Nikakohoa, nikaupanga ulimi, nikalitamka polepole kabisa.

"Si ni vile niliandika," Wanjiru akasema.