Nilipeleka Lambalamba za Mvinyo Ukweni, Wazee Wakataka Ning'ate Kwanza

Ndugu wasomaji, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naomba ukurasa huu unifichie jina, maana hao ninaowataja gazeti hili huwafikia, hata kama ni baada ya kufungia maandazi.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na minne, kwetu Kasulu. Shule niliishia darasa la tano. Niko Dodoma, nafanya kibarua kwenye shamba la zabibu la mama mmoja mfanyakazi wa ofisini, nje kidogo ya mji. Mikono imekwisha kwa kupunguza matawi na kubeba maji, na kwetu sijafika tangu mama yangu akiwa bado anaona.

Biashara ilipoachiwa huru na maduka yakajaa vitu vya nje, mama bosi alinunua friza. Miezi ya joto ikifika, kabla ya mvua, anaalika wenzake wa ofisini siku za Jumamosi na kuwapa lambalamba za mvinyo. Kuzitengeneza alinifundisha yeye. Unachanganya mvinyo mwekundu, maji ya zabibu na sukari, unamimina kwenye vikombe vya plastiki, zikianza kushika unachomeka kijiti. "Usizidishe mvinyo," aliniambia, "haitaganda, itabaki uji." Kuonja alikuwa anaonja mwenyewe, kwa sababu mimi nilikuwa nimeacha pombe.

Niliacha kwa ajili ya msichana nitakayemwita Yudita. Anauza mboga karibu na shamba letu, kwao ni upande wa Haneti. Kaka yake aligongwa na lori akitoka kilabuni. Nilipomwambia nataka kumuoa alinijibu, "Baba yangu anakunywa, na namheshimu, kwa sababu baba sikumchagua. Mume nachagua." Nikamwapia kwamba pombe haitapita tena mdomoni mwangu. Na kweli haikupita.

Shida ilianza nilipotakiwa kwenda kujitambulisha. Wazee wa kwao hawamsikilizi mchumba kabla pombe haijafika, na pombe hiyo wanaipika shangazi na dada za muoaji. Shangazi zangu wako Kasulu. Nikamwambia Yudita nitapeleka lambalamba. Akasema, "Za wazee tu. Na utengeneze nyingine za ubuyu, za mama na watoto." Mama bosi akanipa mvinyo. Nikazipanga kwenye ndoo, barafu na chumvi chini, maranda ya mbao pembeni, gunia juu, nikapanda basi nimeikumbatia kama mgonjwa.

Nilipofika nikawasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", kwa lafudhi ya kwetu, watoto wakacheka, wazee nao wakacheka. Nikafungua ndoo. Za mvinyo nyekundu, za ubuyu nyeupe. Nikawagawia wazee zile nyekundu. Baba mkubwa wa Yudita, ambaye ndiye msemaji wao, akaigeuzageuza yake. "Huku kwetu," akasema, "aliyeleta anaonja kwanza."

Hilo nilikuwa nalijua. Nikachukua ya ubuyu, nikaing'ata mbele yao. Hapo ndipo nilipoharibu.

"Ngoja kwanza," baba mkubwa akasema. "Umeonja nyeupe, sisi unatupa nyekundu?"

"Mzee, mimi nimeacha pombe."

"Umeacha pombe, halafu umetutengenezea pombe?"

Nikasema basi nitachukua moja nyekundu kutoka kwenye ndoo, niionje. Akakataa. "Pombe ya kibuyu ukionja umeonja yote. Hizi kila moja iko peke yake. Ng'ata hii niliyoshika mimi."

"Na hii yangu," mwingine akadakia. "Muha huyu asije akatumaliza mchana kweupe."

Jua lilikuwa kali. Zikaanza kuchuruzika, mvinyo unadondokea kwenye suruali zao na kwenye vumbi, na hakuna aliyelamba hata tone. Watu wazima wameshika vijiti mbali na miili yao kama wameshika nyoka. Nikamtazama Yudita, aliyekuwa ametangulia kwao, mlangoni mwa jiko. Akatikisa kichwa. Baba yake akasema polepole, "Kijana, ukikataa usirudi hapa tena. Tutajua ulikuja kutuua."

Nikang'ata. Nilianza na ya baba mkubwa, nikafuata ya baba yake, nikawapitia wote. Kwanza unasikia baridi, halafu utamu, halafu ile yenyewe inashuka kifuani. Walinitazama koo mpaka nikameza, ndipo nao wakaanza. Baada ya muda kidogo ndevu zilikuwa nyekundu, na mmoja anauliza kama jino lenye tundu linaweza kulewa peke yake. Babu wa mwisho, ambaye hana meno, baridi ilimshinda akanirudishia yake.

Walinikubali. Baba yake akaniita mkwe, akasema nirudi mtama ukishavunwa tuzungumze mahari. Baba mkubwa akanisindikiza hadi barabarani. "Nyekundu usisahau," akasema. "Nyeupe wape kuku."

Yudita hakutoka kuniaga. Aliporudi mjini akawa ananipita kama mti. Siku moja nikamfuata. "Uliona walivyonibana. Ningefanyaje?"

Akatua beseni lake. "Kung'ata walikulazimisha, niliona, nimekusamehe. Lakini ile ya babu uliimaliza, kikabaki kijiti kitupu. Kukilamba kijiti nani alikulazimisha?"

Tangu siku ile ya ukweni nikifungua friza mate yananijaa. Sijagusa, lakini nasimama pale mpaka mama bosi ananiuliza mbona mlango uko wazi.

Sasa wazee wamenikubali, mwenyewe ananikwepa. Nikienda na ndoo watanitaka ning'ate tena, na safari hii najiogopa mwenyewe. Nikienda mikono mitupu watasema ile ya kwanza ilikuwa mtego. Ninyi mliooa, na ninyi mlioacha pombe mkaweza, nishaurini, niende vipi kwa watu wale? Mtama umeshaanza kuinamisha vichwa.