Kiangazi Nilichosubiri Kupona

Harufu ya dagaa wanaoanikwa hubadilika kadiri jua linavyopanda. Asubuhi wananukia maji ya ziwa. Ikifika saa nne harufu imekuwa nzito, ya mafuta, inaingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye chai. Harufu hiyo ilinilea kiangazi kimoja pale Kibirizi, ufukwe ulio kando ya mji wa Kigoma, nilipokuwa na miaka kumi, baba akiwa amenitoa shule. Nina selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tangu sijajua kusema, maumivu huja magotini, kiunoni na kifuani, yakakaa, yakaondoka. Mwaka ule yaligoma kuondoka. Baba, kwa mapenzi na woga, aliamua nikae nyumbani Katubuka mpaka nipone, ndipo nirudi darasani. Nikawa nasubiri kupona. Nililala nimegeukia ukuta, na wenzangu walipopita dirishani na sare zao nilijifunika khanga hadi kichwani.

Shangazi Zuhura, dada yake baba, hakuweza kuvumilia kuona mtu amegeukia ukuta. Yeye alinunua dagaa wabichi mitumbwi iliporudi asubuhi, akawaanika, kisha akawauza sokoni. Alinichukua hadi ufukweni, akaniketisha chini ya turubai na sweta langu na dumu la maji ya kunywa, akanipa ungo. Kazi yangu ilikuwa kuchambua: kutoa changarawe, nyuzi za nyavu na vitoto vya migebuka, samaki wakubwa wa ziwa letu, vilivyojichanganya. Ni kazi isiyotaka haraka. Dagaa ni mdogo kuliko kidole, lakini ukimtazama vizuri ana mstari wa fedha ubavuni na jicho linalokukodolea. Nilimtazama mmoja, nikamtazama mwingine. Goti liliendelea kuuma, ila sasa nilikuwa na kitu kingine cha kufikiria.

Akina mama wa ufukweni walisalimiana kama tunavyosalimiana wote: habari za asubuhi, nzuri, za nyumbani, nzuri, za mgonjwa, nzuri, hata kama mgonjwa yuko hoi. Shangazi alikuwa mbishi wa kuzaliwa, na hakuniachia nipite na nzuri ya bure. “Nzuri ipi?” aliuliza, mikono kiunoni, na hakuondoka mpaka nimeitaja. Mwanzoni nilinuna. Baadaye nikaanza kuzitafuta mwenyewe: chai ya moto, upepo wa ziwa shingoni, mama mmoja wa Kirundi jirani yetu aliyeimba huku akitukana kunguru katikati ya wimbo. Nilizipenda nzuri zangu mno, hata nikaanza kuzitumia kufichia mabaya. Asubuhi moja nilimtajia shangazi nzuri mfululizo, nimeuma meno, kifua kinawaka moto. Aliona jasho usoni mwangu, akaacha dagaa wake kwa kunguru, akanibeba mgongoni mbio hadi barabarani.

Hospitalini, nilipopata nafuu, shangazi alikuwa akinikanda miguu kwa mafuta ya mise, yale meusi ya mbegu za mchikichi. “Kosa ni langu,” alisema. “Nilikuuliza nusu. Nzuri haifuti mbaya, mwanangu. Kuanzia leo unanipa zote mbili.” Alikuwa analia bila kujificha. Baba alipoingia, hakumpa hata nafasi ya kukaa.

“Kaka, mtoto huyu hatapona.”

“Dada! Unasema hivyo mbele yake?”

“Nasema analolijua. Nyumbani ataumwa, shuleni ataumwa. Basi aumwe huku anasoma.”

 Baba akaniinamia mimi, akauliza, “Mama, unaumwa wapi? Na unataka nini?”

“Kifua,” nikamjibu. “Na shule.”

Muhula uliofuata alinipeleka mwenyewe.

Leo nafundisha shule ya msingi Ujiji. Kuna vidonge ambavyo enzi zile hatukuvisikia, na wazazi hawaunong’oni tena ugonjwa huu kama aibu. Shangazi ametutoka, nami namlilia mpaka leo. Mambo ni mepesi kuliko zamani, nakiri, ingawa zamani nilikuwa na muda wa kumtazama dagaa mmoja hadi nimalize, na sasa simu hainiachi hata nikinywa chai. Siushukuru ugonjwa; kama ningeweza kuutupa ziwani, ningeutupa leo. Lakini asubuhi hii niliamka nyonga ikiuma, nikakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, nikawasikia wanangu wakigombea sabuni uani, nikacheka huku nimejishika mbavu. Maumivu yale niliyoambiwa yaishe kwanza, ndipo nianze kuishi, hayajaisha. Kama ningeyasubiri, hadi leo nisingekuwa nimeanza.