Nahodha, Rubani na Pete Yangu

Nilikwenda London na begi moja, nikarudi Moshi na diploma na nyumba ya ghorofa, kwa hiyo msinidhanie mjinga. Huko Barking, mashariki mwa London, kila Jumapili baada ya ibada, sisi Watanzania tulikusanyika nyumbani kwa Mama Eliza kutazama tamthilia ya chombo cha angani. Nahodha na rubani wake wa kike walitukanana mwanzo hadi mwisho. Nikawafafanulia wenzangu, kama mtaalamu, kwamba yale ni mapenzi yaliyofichwa.

Na Naomi, nesi niliyempenda, hakuniacha salama. “We Mchaga, hicho ni kichwa au uwanja wa kutua vyombo vya angani?”

Nikaona mambo ni wazi. Nikanunua pete. Jumapili iliyofuata Naomi alikuja na kijana mpole, nikamchukulia kuwa kaka yake. Tamthilia ilipopamba moto, nikapiga magoti katikati ya sebule.

Naomi akacheka, kisha akaona sicheki.

“Kaka, umesahau kwenu? Mimi Mpare, wewe Mchaga. Sisi ni watani! Nisipokutukana wewe, nimtukane nani?”

Mama Eliza akapunguza sauti ya televisheni.

“Inuka, baba. Unamziba mchumba wa Naomi, haoni tamthilia.”