Kwa Nini Meya Alikaa Upande wa Babu

Babu yangu, Perce Tregenza, aliendesha mashine ya kupakia ngano melini kwa miaka thelathini na moja. Anaweza kufunga ndoana huku macho yake yako kwenye televisheni. Kwa hiyo mwaka jana, alipoanza kurudi nyumbani na ndoo tupu, sote tuliona.

Mwizi tulimjua. Alikuwa sili dume, yule mnyama wa baharini mwenye mapezi na masharubu, mweusi, mnene kama godoro lililokunjwa, aliyehamia kwenye gati la boti hapa Port Pengilly tangu Pasaka. Watu walimwita Meya kwa sababu anachukua chake bila kuomba. Ukivuta chuchunge, samaki mwembamba mwenye mdomo mrefu, unaona maji yanavimba, fimbo ya kuvulia inapinda, halafu inanyooka ghafla, nawe unabaki na ule mdomo mrefu tu kwenye ndoana. Meya anatoa kichwa, anakutazama, anatafuna.

Kwenye ukuta wa gati kila mzee ana nguzo yake fupi ya kufungia boti, ndiyo anayokalia akivua. Hazina majina, lakini mgeni akikaa kwenye nguzo ya mtu, ataondoka mwenyewe kwa jinsi atakavyotazamwa. Babu alikuwa na nguzo ya tisa. Ya kumi na mbili ilikuwa ya mzee Clarrie Hocking, aliyefanya kazi na babu bandarini na kumsimamia siku ya harusi yake. Kati yao ni hatua ishirini hivi, na ajabu ni kwamba Clarrie alikuwa haibiwi.

"Clarrie, mbona huyu mnyama wewe hakugusi?" babu aliuliza siku moja.

"Nanuka, bwana. Sijaoga tangu nistaafu."

Tulicheka. Kisha Clarrie akashusha sauti. "Tatizo si Meya, Perce. Ni kasi. Zamani ungekuwa umeshamtoa samaki majini kabla huyo hajageuka. Mikono haina haraka tena, ndugu yangu."

Babu alicheka pia. Lakini njia nzima ya kurudi, kila gari liliposimama, alikuwa anakunja na kukunjua vidole.

Mwezi wa saba, wakati wa chakula, alisema ataacha kuvua. "Fimbo nitampa Clarrie. Yeye bado anaweza."

"Na asubuhi utafanya nini?" bibi Noreen alimuuliza. "Utakaa jikoni unifundishe kukaanga mayai?"

Babu akasogeza sahani yake pembeni. Nikamwomba asubiri mpaka likizo yetu ya shule iishe, na akakubali. Nilitaka kujua Meya anachaguaje. Nilidhani labda ni mkondo wa maji, au rangi ya maboya, au vivuli. Nikachukua darubini ya babu na daftari la sayansi, nikajificha nyuma ya boti zilizopandishwa kupakwa rangi, nikaanza kuandika.

Asubuhi ya kwanza Clarrie alifika mapema, babu akiwa bado anatafuta mahali pa kuegesha gari. Alikuwa na mfuko. Akaipita nguzo yake, ya kumi na mbili, akaenda mpaka ya tisa. Akatazama huku na huku, akamimina vichwa na matumbo ya samaki chini kabisa ya ukuta. Akapiga mluzi mara mbili, taratibu. Meya akaja kama mbwa aliyeitwa kula.

Pale kwetu hakuna anayetupa matumbo majini, maana yanaita sili. Tunayabeba nyumbani, tunayafukia chini ya minyanya, na babu ndiye huwakaripia watalii wakisahau. Nilifikiri nimeona vibaya. Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Kila siku Clarrie alirudi kwenye nguzo yake, akakaa, na babu alipofika akamwita, "Njoo mzee, chai ya moto hii."

Nilimwambia babu ndani ya gari. Akasimamisha gari kando ya barabara.

"Usiniletee maneno juu ya Clarrie. Alisimama nami nilipooa."

"Nimeona mara tatu, babu. Nimeandika."

Usiku akaliomba daftari langu, akasoma kurasa zote tatu.

Kesho yake tulifika kabla ya mtu yeyote. Babu akaipita nguzo ya tisa, akakaa kwenye ya kumi na mbili. Clarrie alikuja na mfuko wake, akasimama.

"Perce, umekosea nguzo."

"Sijakosea. Nenda kwangu. Umepatengeneza vizuri tangu Pasaka."

Clarrie alinitazama mimi, kisha akautazama mfuko. Ulikuwa unadondosha maji kwenye kiatu chake.

"Lazima akae kwa mtu, Perce. Mnyama yule lazima akae kwa mtu."

"Ukaamua ni mimi."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekwambia." Babu alikuwa hajageuka. "Meya ale samaki wangu, sawa. Lakini wewe uliniambia ni mikono yangu."

Clarrie akauweka mfuko chini. Boya la babu likazama. Akavuta, chuchunge akatoka mzima, anameta. Akaja mwingine. Kabla ya saa mbili walikuwa sita ndooni, na Meya bado alikuwa chini ya nguzo ya tisa, ameinua kichwa, anasubiri. Nilitaka kushangilia. Nikamwona babu anamtoa wa sita kwenye ndoana, macho yake yako kwenye mfuko wa Clarrie, nikaacha.

Fimbo hakumpa mtu. Siku hizi anavua peke yake kwenye mawe ya nje, upepo unakokata masikio na samaki ni wachache. Clarrie amepiga simu Jumapili mbili. Ya pili, bibi alifunika simu kwa kiganja.

"Anataka kuongea nawe. Nimwambie hupo?"

"Mwambie nipo," babu alisema. "Nimekaa hapa, namsikia, na siji."