Ulimi wa Mama Mbele ya Mkwe

Nilisema. Miezi mitatu nilikana, kwa jamaa, kwa wanafunzi, hata kwa fundi wangu wa cherehani pale Musoma, nikishikilia kwamba redioni nilisema "ni nadra". Sikusema ni nadra. Nilisema "hawawezi", tena kwa sauti ya hakimu anayesoma hukumu.

Kazi yangu ni vinasaba. Nafundisha jinsi watoto wanavyorithi mambo kwa wazazi wao, na kwa kawaida hakuna anayeniuliza chochote, isipokuwa mwanafunzi anayetaka kujua kama hilo litatoka kwenye mtihani. Kisha ikaja ile tamthilia ya jioni iliyotiwa sauti za Kiswahili, ambamo kila baada ya siku mbili bahasha ya DNA inafunguliwa na muziki unapiga kama radi. Watu wote wakawa na maoni kuhusu DNA. Redio moja ya Musoma ikaniita kwenye kipindi cha asubuhi. Nikashona kitenge kipya, kwa ajili ya redio.

Mtangazaji alitaka kitu ambacho msikilizaji anaweza kujipima mwenyewe nyumbani. Nikampa ulimi. Nikaukunja wangu kama mrija palepale studio, akashangilia, simu zikaanza kuingia. Ndipo nikatamka kwamba wazazi wawili wasioweza kukunja ulimi hawawezi kuzaa mtoto anayeweza. Ni somo la zamani la shule, na si kweli. Mimi mwenyewe huwaambia wanafunzi kwamba hata kwa pacha wanaofanana kabisa, mmoja anaweza kukunja na mwenzake akashindwa. Lakini darasani hakuna anayepiga makofi.

Wiki ile, sokoni Bunda, niliona wauza nyanya wakitoleana ndimi na kucheka. Nikajiona nimeielimisha nchi.

Kisha akaja mdogo wangu, binti wa mama mdogo, aliyeolewa Kisorya. Hakukaa.

"Dada, hatukunji. Mimi sikunji, baba mtoto hakunji. Mtoto anakunja."

"Mimi nilisema ni nadra."

"Baba mtoto anayo sauti yako kwenye simu. Alirekodi."

Mtoto wao wa miaka minne ana jina la babu yake mzaa baba, na ndiyo maana baba yake humwita "baba", kama ilivyo desturi. "Alikuwaga anamwita baba toka asubuhi mpaka jioni," mdogo wangu alisema. "Siku hizi ananiambia, 'huyu mtoto wako'. Anataka kwenda Mwanza kutafuta bahasha."

Nilikwenda Butiama kumwomba mama anisindikize, maana jambo kama hilo haliendewi bila mkubwa. Alinisikiliza huku akichambua maharage.

"Nilikusikia redioni," alisema. "Nikanyamaza. Nilijua litarudi lenyewe."

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, na mama yangu, akiwa dada wa mama mzazi wa binti, ni mama mkwe kamili. Kwa hiyo kule Kisorya mkwe alikaa akiangalia mlango, mama akiangalia ukuta, na mimi katikati nikieleza ile nadra yangu. Mkwe hakubishana. Akatoa simu, akabonyeza. Sauti yangu ikajaa sebuleni: hawawezi. Ikafuatiwa na kicheko changu.

"Imekatwakatwa hiyo," nilisema.

Hapo mama akageuka, akamtazama mkwe wake usoni, akatoa ulimi wote nje.

Mkwe akaficha uso kwa viganja. "Mama! Mama, usinifanyie hivyo!"

"Tazama, mkwe. Aibu nitaibeba mimi. Umekunjika?" Ulikuwa bapa kama mwiko wa ugali. "Haukunjiki. Na marehemu mume wangu alikuwaga hivihivi, watoto wanamcheka. Haya, daktari, toa wako."

Nikautoa. Ukajikunja wenyewe, msaliti mkubwa.

"Sasa kwa hesabu za redio, huyu nilimtoa wapi?" mama aliuliza. "Nitajie baba yake, na mimi nimjue."

Ilibaki kuchagua: heshima ya mama au yangu.

"Nilisema hawawezi," nikamwambia shemeji. "Nilijua si kweli. Nilitaka kusifiwa."

 Alitusindikiza kwa adabu zote, macho chini. Siku tisa zikapita bila neno kutoka Kisorya, nikakosa hamu hata ya kula samaki sato. Nilirudi redioni kujisahihisha. Alipiga msikilizaji mmoja tu, akiuliza tamthilia imehamishiwa saa ngapi.

Siku ya kumi, mchana, mdogo wangu alipiga. Hakuanza na salamu.

"Dada, usiongee. Sikiliza."

Nikasikia sufuria, nikasikia kuku wakikimbizwa. Kisha kutoka uani, sauti ya mwanamume aliyechoka na kazi, ya kawaida kabisa: "Baba! Waache hao kuku, njoo unawe ule!"

"Umesikia?"

Nilikuwa nimeshakaa sakafuni. "Sijasikia vizuri," nilisema. "Hebu mwambie amwite tena."