Niliwaambia Wamama wa Maziwa Gari la Umeme Lina Sanduku la Baridi

Admin, pole na kazi. Naomba ufiche jina langu na la kijiji, maana huku kwetu Marangu watu wanajuana mpaka kwa kikohozi.

Mimi ni kijana wa kiume, nina miaka thelathini na moja, sijaoa. Nauza vipuri vya magari kwenye duka la mtu hapa Moshi mjini, nimepanga chumba Majengo. Kwetu tumezaliwa wawili. Kaka yangu alisoma, yuko Dodoma, na jambo lolote la nyumbani huwa anapigiwa simu yeye. Mimi nilifeli kidato cha nne, nikazoea kuambiwa yaliyokwisha kuamuliwa.

Kitu pekee ninachokijua ni magari. Kuna kampuni ya nje imetangaza kwamba inakuja na pikapu ya umeme. Walionyesha picha chache tu za gizagiza, unaona umbo, ndani hakuna anayejua kuna nini. Basi kwenye grupu letu la wapenda magari tukawa tunakisia kutwa nzima. Kwa kuwa halina injini, pale mbele wataweka nini? Wengine wakasema buti la pili. Wengine wakasema chini ya siti za nyuma kutakuwa na droo ya zana, na kule nyuma kwenye mzigo kutakuwa na soketi za umeme. Mimi nikasema mbele kuna sanduku la baridi, kama friji. Hakuna aliyeniambia. Niliona kitu kinachofanana kwenye gari jingine, nikajumlisha mwenyewe. Mmoja akaniuliza nimeyatoa wapi, nikamjibu, "Wewe subiri utaona." Watu wakacheka, wakanisifia. Baada ya wiki mbili nilikuwa naongea kana kwamba nimefungua boneti yake kwa mikono yangu hii.

Mama yangu ni mwenyekiti wa kikundi cha wamama wanaofuga ng'ombe wa maziwa. Shida yao kubwa ni kwamba maziwa ya jioni yanachacha kabla hayajafika mjini. Mzee mmoja wa Bomang'ombe anayeacha biashara akawaambia atawaachia pikapu yake ya dizeli, yenye tangi la kupozea maziwa, wawe wanamlipa kidogo kidogo. Mama akanipigia mimi. Kwa mara ya kwanza, mimi.

"Baba, wewe ndiye unayejua magari. Tuchukue hili la mzee, au tungoje hilo la umeme unalosemaga?"

Ningemwambia sijui, yangeisha. Nikasema, "Mama, msijifunge na gari chakavu. Hilo linalokuja lina sanduku la baridi mbele, keni zenu za maziwa zinakaa humo, na halinywi mafuta."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Aika, asante mwanangu. Mungu akubariki." Sauti yake ilikuwa na fahari ambayo sijawahi kuisikia ikielekezwa kwangu. Siku hiyo nilitembea mjini kama nimepandishwa cheo.

Kwenye kikao mama akayarudia maneno yangu yote. Mama Neema, mjane aliyekuwa katibu wao, akauliza, "Huyo kijana ameliona hilo gari kwa macho?" Mama akakasirika, akaona mwanawe anadharauliwa. Maneno yakawa mengi. Mama Neema akaambiwa ana wivu, akavuliwa ukatibu. Pikapu ya mzee wakaikataa.

Masika yakaingia. Bodaboda anayekusanya maziwa akawa anakwama kwenye tope, anafika saa anazojua mwenyewe, na wamama wakawa wanamwaga maziwa kwenye migomba. Mama Neema alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Akamuuza. Nilipopanda kwenda nyumbani nikakutana naye njiani, nikamwamkia.

"Marahaba, baba," akasema. "Gari letu limefika wapi?"

Hakuwa ananikejeli. Walikwisha kumtukana, na bado alikuwa analiita letu. Nikamwambia linakuja.

Wiki iliyopita kampuni ikatoa video ya ndani ya gari. Niliiangalia dukani, mteja amesimama ananisubiri. Droo chini ya siti ipo. Soketi zipo. Mbele kuna kishimo cha kuwekea waya wa kuchajia na labda begi la mtoto wa shule. Baridi hakuna. Na habari ya kulileta Tanzania hawakuigusa kabisa. Mteja akaniuliza, "Vipi, umefiwa?"

Juzi mama akanipigia tena. Mzee wa Bomang'ombe bado ana gari lake, ila amepata mtu wa Arusha na Jumatatu anampa. Wamama wengine wanataka kumrudia mzee. Mama ameitisha kikao Jumapili baada ya ibada, anataka nipande nisimame mbele yao. "Uwaambie kwa mdomo wako," akasema, "ili wanyamaze."

Nikampigia kaka, nikamweleza yote. Akasema, "Sema kampuni imebadilisha mpango. Watachukua gari la mzee, mama haaibiki, yameisha."

Ni kweli ingekuwa rahisi. Lakini Mama Neema atabaki kuwa yule mwenye wivu, na yeye peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana. Nikisema ukweli, itaonekana mama alimwondoa mwenzake kwa ajili ya uongo wa mwanawe. Uenyekiti huo ameushika tangu baba afariki, ndio uliomwinua, na ni mtu wa presha. Kuna na lingine naona aibu kulisema: najua hatanipigia tena kuniuliza kitu.

Leo ni Ijumaa. Ndugu zangu mnaosoma, hasa wamama wenye vijana kama mimi, ingekuwa ni mwanao ungetaka akwambie nini, na akwambie wapi: pembeni kwanza, au pale pale mbele ya Mama Neema? Nishaurini jamani, keshokutwa nasimama.